Wazee Hawa Wanatuogopa Sisi

Haya ni maneno niliyosema kwenye mkutano wetu wa watu tunaolea wazee hapa Lexington, Kentucky. Kuna walioniomba niyaandike, wengine kwa upendo, wengine nadhani wapate cha kunisemea vizuri, basi nimeandika karibu vilevile yalivyotoka mdomoni.

Bwana Yesu asifiwe! Na ndugu zangu Waislamu, asalaam aleikum. Wakongo wangu, muko bien? Haya. Naona wengine mmetoka shifti ya usiku moja kwa moja, macho mekundu, anayetaka kulala alale tu mi sitamsema, ila asikorome.

Kwenye karatasi ya ratiba wameandika nitaongelea "kuhudumia wazee wa aina mbalimbali". Ningeweza kabisa kusimama hapa nusu saa nikaongea mambo ya kunawa mikono na kujaza chati, mkapiga makofi tukaenda kula pilau. Ila mi nataka kuongelea wale wazee ambao tukiwa kwenye gari tunarudi nyumbani tunawacheka. Mnawajua. Wanaume wawili watu wazima wenye kitanda kimoja. Au wale bibi wawili wa nyumba ya mwisho kwenye barabara ya changarawe huko kaunti za milimani, mmoja kumbukumbu imeshapotea, mwenzie ndo anamwangalia, na wakala amekupangia uende mara mbili kwa wiki. Mashoga, wapenzi wa jinsia moja, nyie mnawaita mnavyowaita, nimeyasikia majina yote, na mengine nimeyasikia yakisemwa kwa Kiswahili mbele ya mzee mwenyewe eti kwa sababu hajui Kiswahili. Anajua lakini. Mtu aliyesemwa miaka 60 anajua anasemwa hata umseme kwa Kiha.

Subirini, msininunie mapema. Mi ni mlokole, mnanijua, kwaya yetu imewanyima usingizi wengi humu. Sijaja kubishana mistari na mtu, anayetaka mistari mchungaji yupo pale mbele mkamsubiri nje. Ninachouliza ni kidogo tu. Yule babu wa chumba cha kona, aliyeoa akaacha, akaoa akaacha, akaoa tena, na mpaka leo tukimwogesha mikono yake haitulii, hivi kuna siku umesimama mlangoni ukasema Biblia inakataza mi simbadilishi huyu pampasi? Hakuna. Unambadilisha, unamlisha, unamwita papa, na kesho unamletea ndizi. Sasa kwanini imani yetu inaamka tukifika kwenye chumba cha wanaume wawili tu? (Hapa kuna mama alisema amina halafu akaangalia huku na huku kama nani kasema.)

Sasa niwaambie kuhusu vile vimiji. Sisi wengi tunaishi hapa Lexington lakini kazi ziko huko, Morehead, Hazard, Pikeville, kote huko wakala wanatutuma kwasababu wazee ni wengi na vijana wao wameondoka kazi za makaa ya mawe zilipopungua. Na watu wa kule si wabaya, mi kwenye theluji nimepewa sweta na maharage ya makopo na watu wasionijua kabisa, mjini hapa hakuna hata aliyenipungia mkono. Kule swali la kwanza si unatoka nchi gani, ni unasali wapi, na ukijibu vizuri umeshakuwa wa nyumbani. Tatizo la kule ni kwamba kila kitu kipo kimoja. Hospitali moja, duka la dawa moja, ofisi ya kaunti moja, kampuni ya mazishi moja. Na anayekaa kwenye kila dirisha ni yuleyule unayekaa naye benchi moja kanisani, nesi ni mke wa mchungaji, shemasi ndo mwenye kampuni ya mazishi, mwalimu wa sunday school ndo karani. Kwahiyo likishasemwa neno Jumapili, Jumatatu unakutana nalo kwenye dawa, kwenye maji, kwenye jeneza. Mjini ukinyanyaswa hospitali hii unahamia ile. Kule unahamia wapi?

Morehead ni saa moja tu ukifuata ile I-64 kwenda mashariki, kuna watu humu wanafanya kazi huko, nawaona. Mwezi wa sita 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema wanaume wawili au wanawake wawili wanaweza kuoana nchi nzima, na karani wa kaunti ile ya Rowan, Kim Davis, akagoma kumpa leseni ya ndoa mtu yeyote. David Moore na David Ermold walikuwa wameishi pamoja miaka 17, wakaenda, wakarudishwa, wakaenda tena wakarudishwa, na alipoulizwa anakataa kwa mamlaka ya nani akajibu, kwa mamlaka ya Mungu. Video wengi mliiona. Mwezi wa tisa akawekwa jela siku chache. Kesi ya fidia ikaendelea miaka na miaka, 2023 jury, yaani raia wanaoitwa kuamua kesi, wakasema awalipe kila mmoja dola 50,000, na Novemba 2025 Mahakama ya Juu ikakataa kusikiliza rufaa yake. Karani simzungumzii sana, ameshasemwa na dunia nzima. Mi kinachonikera ni kwamba baraza la mji wa Morehead lilikuwa limeshapitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa namna hiyo kwenye ajira na nyumba tangu 2013! Sheria ilikuwepo, mji wenyewe ulikuwa umeshakaa ukakubaliana, ila leseni ya ndoa haitolewi na mji inatolewa na kaunti, na kaunti ni dirisha lile moja.

Sasa wale vijana walikuwa na nguvu ya kurudi dirishani. Mfikirieni mzee wa miaka 75 aliyekuwa amekaa sebuleni kwake kaunti hiyohiyo, anaangalia kwenye tivii kamera zimejaa mbele ya ofisi anakolipia gari lake, watu wanaimba tenzi wanapunga misalaba, na kati ya waimbaji anamwona jirani yake, anamwona daktari wake wa meno. Unadhani huyo ataenda kuomba leseni? Watu wanasema siku hizi sheria inaruhusu, si waoane, wanalalamika nini. Kuoana maana yake uende kwa karani aliyesoma na dada yako, utaje jina la mwanaume mwenzio kwa sauti watu wako kwenye foleni, alafu magazeti ya kaunti nyingi huku bado yanachapisha majina ya waliochukua leseni wiki hiyo. Mtu miaka 40 majirani wamejua yule ni binamu yake aliyekuja kumsaidia shamba, leo atoke gazetini ana miaka 78, apate nini, apate tairi kutobolewa? Kwahiyo wengi hawajaoana na hawataoana. Kumbukeni hilo maana nitalirudia kwenye mambo ya makaratasi.

Tuwapigie hesabu kidogo hawa wazee. Chukua mtu aliyezaliwa 1945. Ana miaka minane Rais Eisenhower anasaini amri ambayo watu kama yeye walifukuziwa kazi serikalini, maelfu. Madaktari wa akili wa Marekani walikuwa wameandika kwenye kitabu chao kwamba huo ni ugonjwa, wakaja kuufuta Desemba 1973, kwahiyo mzee wetu alikuwa mgonjwa wa akili rasmi mpaka anafika miaka 28. Na hapa Kentucky alikuwa mhalifu mpaka ana miaka 47. Na stori hiyo ni ya hapahapa Lexington, sijui kama mnaijua, 1986 polisi waliovaa kiraia walikuwa wanakaa maegesho ya magari mjini hapa wanapiga stori na wanaume, mwanaume akimkaribisha polisi nyumbani na kutaja watakachofanya basi anakamatwa. Jeffrey Wasson alikamatwa hivo, akakataa kukaa kimya, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Kentucky na 1992 ile sheria iliyowafanya wahalifu ikafutwa. Haya, ukidhani wamepumua, 2004 wakapiga kura kuweka kwenye katiba ya jimbo kwamba ndoa ni mwanaume na mwanamke, karibu robo tatu ya wapiga kura wakasema ndio. Robo tatu! Mzee akienda kununua mkate anajua kati ya wanne waliopo dukani watatu walisema nini juu yake.

Mtu huyo leo nyonga imevunjika. Hawezi kujiogesha. Wakala anamtumia mtu. Na nani anatokea mlangoni? Mimi. Mwafrika, msalaba shingoni, simu inaimba gospo mfukoni. Mnadhani anaona nini? Na msiniambie wazungu wanatubagua, hapa hawajakosea sana, wanasoma habari hawa. Wanajua kwetu Tanzania kifungu cha 154 cha sheria ya makosa ya jinai kinafika kifungo cha maisha, wanajua Uganda 2023 wameweka mpaka kunyongwa. Mzee yuko uchi bafuni, hana nguvu, mlango umefungwa, na aliyeshika maji ya moto ni mimi. Mi nikijiweka pale na mi ningeogopa.

Ndo maana wanaficha. Ukiwa na macho utaona. Nyumba ina vyumba viwili, kimoja kitanda kimetandikwa hakijalaliwa na mtu tangu kinunuliwe, hicho ndo "chumba cha Bill". Ukutani kuna alama za mraba ambapo picha zilikuwepo mpaka jana, siku ya kwanza ya mhudumu kuja picha zinaingia kabatini. Kuna bibi mmoja nimemhudumia, mwenzie alikuwa anaumwa sana, na kila nikiingia huyu mzima anasogea anakaa kwenye kiti cha mbali kule dirishani kama mgeni aliyekuja kusalimia. Siku nyingi mpaka nikaelewa kwamba nikiondoka tu ndo anarudi kukaa kitandani. Yaani nilikuwa nalipwa kuwahudumia, na saa zangu zote za kazi ndo zilikuwa saa ambazo mgonjwa hashikwi mkono na mtu wake! Nikaanza kufanya hivi, nikifika naweka kiti karibu na kitanda mwenyewe, nasema mama kaa hapa nisaidie kumshika nikigeuza shuka. Sikuuliza chochote. Wiki ya pili picha ya harusi ikatoka kabatini, wamevaa suruali nyeupe wote wawili, wanacheka, nikasema mmependeza, nikaendelea kukunja nguo.

Sasa niulize. Wangapi humu mmepita Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi kule Kigoma? Inueni mikono. Eeh, nusu ya ukumbi. Mi mtu wa Kasulu, mnajua, kambi ilipofunguliwa 1996 mama yangu alikuwa anawauzia mihogo, msiniambie ilikuwa ghali maana na nyie mlikuwa mnatuuzia mafuta ya msaada. Mnaikumbuka intavyuu ya kuja Marekani? Unaingia na watoto wako, kuna afisa na kuna mkalimani, na maswali ni yaleyale. Huyu ni wako? Umemzaa wewe? Mbona jina la baba tofauti? Cheti kiko wapi? Mtoto wa marehemu dada yako umemnyonyesha wewe, anakuita mama, hajui mama mwingine, kwenye karatasi zao anaitwa "mtegemezi", kesi yake inapelekwa pembeni. Mama mkubwa si mama. Kaka wa ukoo si kaka. Kuna mama yuko humu ndani, simtaji, kijana wake yuko kule mpaka leo hii kwa ajili ya swali hilo moja, na kila mwezi akipata mshahara mnajua anafanya nini kwanza.

Basi mtu asiwaeleze nyie maana ya kuambiwa huyo si ndugu yako. Sisemi ni kitu kimoja, vita ni vita. Ila lile swali ni lilelile na hawa wazee wameulizwa maisha yao yote. Louisville hapo, Timothy Love na Lawrence Ysunza walikuwa wameishi pamoja tangu 1980, mwaka 2013 Timothy anatakiwa kupasuliwa moyo kwa dharura na upasuaji ukacheleweshwa kwanza watengeneze karatasi za kumruhusu Lawrence amwone na amwamulie. Moyo umesimama njia panda, watu wanatafuta kalamu! Hiyo imeandikwa kwenye hukumu ya mahakama siyo stori ya saluni. Huko Arizona Michael Ely aliishi na mwenzie miaka 43, jimbo liliporuhusu ndoa 2014 wakaoana haraka, mwenzie alikuwa na kansa, akafa baada ya kama miezi sita. Michael akaenda kuomba pensheni ya mjane, mume ndo alikuwa mtafutaji, wakamwambia hapana, sheria inataka muwe mmeoana miezi tisa. Miezi tisa! Na miaka 43 yote serikali hiyohiyo ndo ilikuwa inawakatalia kuoana. 2020 hakimu akasema hiyo haiwezekani, na 2021 serikali ikaacha kukata rufaa, kwahiyo leo hata mwingine mnayemhudumia aliyefiwa zamani akakataliwa anaweza kwenda kuuliza upya, mwambieni, wengi hawajui.

Na kuna ile ya Mississippi. Hii nataka niende nayo polepole. Picayune, mji mdogo, Jack Zawadski na Bob Huskey walikuwa walimu wa watoto wenye ulemavu, wakastaafu wakahamia kule kwa ajili ya joto. Miaka 52 pamoja, wameoana 2015. Bob akaumwa moyo, akalazwa nyumba ya wazee, na familia ikapanga mapema na kampuni ya mazishi ya palepale, mpwa wao ndo alishughulika, kila kitu kimeshakubaliwa. Mei 2016 Bob akafa. Kwa maelezo ya kesi waliyofungua, karatasi zilipofika na kuonekana kwamba mfiwa ni mume, kampuni ikapiga simu ikasema haichukui maiti ya watu wa aina hiyo. Kampuni ilikana mahakamani, nawaambia na hilo nisionekane nasema upande mmoja. Lakini fikirieni nyie mnaofanya nyumba za wazee. Nyumba za wazee hazina mochwari. Mtu akifa usiku saa tisa wewe ndo unamwosha, unamfunika, na unaanza kupiga simu, na lazima atoke. Ikabidi apelekwe kampuni nyingine halafu asafirishwe mpaka Hattiesburg kuchomwa, na ile siku ya watu kukusanyika kumuaga kama walivyopanga haikuwepo. Sisi kwetu hata mlevi wa kijiji asiye na mtu anazikwa, wanaume wanachimba, wamama wanapika, hakuna anayeuliza alilala na nani. Mzee wa miaka zaidi ya 80 amebaki na simu mkononi.

Wakatoliki msitabasamu, mnayo na ya kwenu. Gregory Bourke na Michael DeLeon wa Louisville, wanasali parokia moja miaka na miaka, wamelea watoto, walikuwa kwenye ile kesi ya ndoa iliyofika Mahakama ya Juu Washington 2015. Wakanunua kaburi makaburi ya Kanisa, wakataka jiwe lenye msalaba, pete mbili zilizoshikana na picha ya jengo la mahakama. 2016 jimbo kuu likajibu msalaba sawa, pete na mahakama hapana. Mnaona, mpaka jiwe.

Nyumba za wazee sasa, huku ndo kwetu. Mary Walsh na Bev Nance, Missouri, wako pamoja tangu 1978, wameoana Massachusetts 2009, marafiki zao wamehamia kwenye kijiji kimoja cha wastaafu na wao wakaomba 2016, wakalipa na amana. Wakapigiwa simu, nyie wawili mna uhusiano gani? Tumeoana. Wakakataliwa, eti sera yao ndoa ni ile ya mume na mke kama Biblia inavyosema. Wameenda mahakamani, wakashindwa kwanza, wakakata rufaa, mwisho 2020 wakamalizana. Na Marsha Wetzel wa Illinois, huyu alifiwa na mwenzie wa miaka 30, ndugu wa marehemu wakachukua nyumba, akahamia nyumba ya wazee akasema ukweli kwamba alikuwa na mwanamke. Kwa maelezo yake mahakamani wazee wenzie walimtukana, wakamgonga na vigari vyao, wakamtemea mate, na wasimamizi alipoenda kushtaki wakamwita mwongo na kumpunguzia huduma. 2018 mahakama ya rufaa ikasema mwenye nyumba anayejua mpangaji wake ananyanyaswa hivyo na asifanye kitu anaweza kubeba lawama kisheria. Mkisikia hivyo mjue na nyie mlio kwenye zamu mnahesabiwa macho. Ukiona bibi mmoja kila siku anakula chumbani usiandike kwenye chati "hapendi kuchangamana". Uliza nani kamfukuza mezani.

Nisije nikawaharibia jina watu wa milimani wote. Kuna kimji kinaitwa Vicco, kaunti ya Perry, wakati huo watu kama 330 hivi, mji wa makaa, jina lenyewe ni la kampuni ya makaa. Januari 2013 wakapitisha sheria ya kuzuia kubagua mashoga kwenye kazi na nyumba, kabla ya Frankfort makao makuu ya jimbo! Meya alikuwa Johnny Cummings, msusi wa nywele, shoga na kila mtu anajua, alikuwa na saluni karibu na ofisi ya mji, asubuhi anasuka mchana anashughulika na mabomba ya maji yaliyooza. Mpaka tivii za New York zikaja kuchekacheka. Mi nadhani siri yake ilikuwa rahisi, alishawatengeneza nywele mama zao wote kabla hajaomba kura, na maji yalikuwa yanatoka. Kwahiyo ukiambiwa kule haiwezekani, imeshawezekana, kwa msusi.

Zaburi ya 71 inasema usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache. Nimesoma juu chini, sijaona mahali Daudi au nani aliyeandika kasema "isipokuwa". Basi, mistari yangu imeisha, nilisema sibishani.

Mambo ya kazi, haraka maana pilau inapoa. Kwanza, usimtangaze mtu. Amekwambia yule ni mke wake, hilo limekaa kwako, siyo la kwenye gari, siyo la kwenye grupu la wasapu, siyo la maombi ya Jumatano eti "tumwombee mzee fulani". Kimji kidogo, ukitaja kaunti na umri tu wameshamjua, na ndo umeanza upya yale ya miaka 60. Alafu sheria ya siri za wagonjwa itakufukuzisha kazi na cheti chako cha SRNA, kile cha msaidizi wa manesi, kiende nacho.

Pili, vyumba. Nyumba yoyote inayopokea hela za Medicare au Medicaid, zile bima za afya za serikali, wanandoa wana haki ya kulala chumba kimoja wakikubali wote, na hata wasiooana wana haki ya kuchagua wa kulala naye wakikubaliana, pale inapowezekana. Msimamizi akikwambia "hapa hatufanyi hayo" si lazima ugombane naye, mwambie familia ipige simu kwa ombudsman wa wazee, yule mtetezi wa haki zao, namba lazima iwe imebandikwa ukutani, nyumba zote.

Tatu ndo ile niliyosema nitarudi. Kentucky mgonjwa asipoweza kuongea na hakuna karatasi, sheria inapanga nani aamue, mlezi aliyewekwa na mahakama, aliyepewa mamlaka, mume au mke, watoto, wazazi, ndugu wa karibu. Mwenzie wa miaka 40 ambaye hawajaoana kwenye huo mpangilio hayupo. Hayupo kabisa. Anakuja mpwa kutoka Ohio ambaye hawajaonana tangu enzi za Rais Reagan, ndo anaamua mashine izimwe au isizimwe, na mwenzie anaambiwa akae nje kwenye benchi. Hiyo karatasi ni bure, ni fomu ya living will, yaani ya kusema unavyotaka utibiwe ukishindwa kuongea, ndani yake kuna sehemu ya kumtaja atakayekuamulia, haihitaji wakili. Wewe siyo kazi yako kumjazia mzee, ila unaweza kumwambia ipo, na ukimwambia usisubiri mpaka ameshaanza kusahau majina maana hapo inakuwa imechelewa.

Kuna kaka kule nyuma alinyoosha mkono akauliza, je sisi tunaweza kusaini kama mashahidi? Hapana kaka, usisaini, hata mzee akikulilia. Inatakiwa mashahidi wawili watu wazima au mthibitishaji wa nyaraka, na mfanyakazi wa nyumba anapolala mgonjwa haruhusiwi kuwa shahidi, wala ndugu wa damu, wala daktari wake, wala mtu wa kwenye urithi wake. Ukisaini wewe yule mpwa wa Ohio atakuja na wakili na karatasi yote inatupwa. Mpeleke kwa mthibitishaji, benki nyingi yupo na mara nyingi hawachaji. Na kama karani wa kaunti anaweza kuthibitisha pia, kule vimijini msimpeleke kwake mzee asiyetaka, nendeni hata kaunti ya pili, mafuta ya gari nitawachangia. Fomu ziko pale kwenye meza ya mlangoni, za Kiingereza, nimezigonga stepla, chukueni mbili mbili.